Maji ya Bomba Kwenye Gari Lako

...lakini hayo ya harusi nitakumalizia siku nyingine, Baba, maana leo nina kosa la kuungama, na nikianza tena kukusimulia jinsi Elisha alivyotokwa na machozi kanisani hata kabla yangu, karatasi itaisha sijasema neno.

Gari lako limewasha taa ya maji.

Hujui kwamba Mama alitukabidhi gari kwa sharti. Siku tunahamia kwetu alimwekea Elisha ufunguo kiganjani, akasema, "Likisumbua tu, mnirudishie niliuze. Kila likiharibika naona kama baba yenu anaugua upya." Mnunuzi yupo, ni Bwana Karim wa duka la spea, yule mliyekuwa mkibishana naye mpaka chai inapoa. Kwa hiyo Jumamosi, tunatoka sokoni, ile nyekundu ilipowaka, mimi sikuona taa. Niliona kiti chako kinaondoka na mtu mwingine.

Tulipaki uani kwetu hapa Chang'ombe. Elisha (mume wangu, Baba! bado naliandika neno hilo polepole ili lisiishe upesi) ni mwalimu wa jiografia. Anaijua mito yote ya dunia, ila hajui mpira wa rejeta unaanzia wapi. Akafungua boneti kwa ushujaa, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mfuniko. Nikaudaka. "Rejeta ya moto haifunguliwi, inasubiriwa." Baba, maneno yalitoka kwa sauti yako kabisa. Tukakaa kizingitini tukila zabibu, mkono wake sikuuachia. Ndoa ni tamu hata mbele ya gari bovu.

Injini ilipopoa tukaangalia tanki dogo la akiba. Limejaa mpaka kwenye mstari. Tukawasha swichi: taa ile ile, inatukodolea.

"Basi taa ni mwongo, mke wangu," Elisha akasema. "Tukate waya wake."

Nilicheka. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukiwafokea wateja wako wa gereji waliotaka hivyo hivyo: taa ni shahidi, usimzibe mdomo, muulize. Nikaanza kuuliza. Nilipapasa mpira mmoja baada ya mwingine kama ulivyonifundisha, kwa vidole na siyo kwa macho, na ule wa chini nikaukuta umelowa, una ufa pembeni ya kibano. Maji yalikuwa yakivuja kidogo kidogo. Elisha akauliza swali zuri, swali la mwalimu: "Kama yanavuja, tanki limejaaje?"

Hapo nilitamani kujificha chini ya gari.

Ni mimi, Baba. Taa ilikuwa imewaka mara mbili kabla ya siku hiyo, ya pili jana yake tu, nikiwa peke yangu, nina haraka ya kwenda kumpikia Elisha. Mara zote mbili nilichukua jagi, nikajaza maji ya bomba, taa ikazima, nikaondoka naimba. Sikumwambia mtu. Mimi, niliyekuwa nikikubebea madumu ya maji ya mvua kwa sababu ulikataa katakata tone la maji yetu ya chumvi liingie kwenye rejeta ya mtu! Birika letu tu lina ukoko mweupe wa chumvi hiyo, na bado nikamwaga.

Nilifungua tanki. Ndani yake kuna boya dogo linaloiambia taa kama maji yapo. Lilikuwa limelemewa na ukoko ule ule mpaka likazama na kugandia chini. Maji yamejaa, lakini boya haliwezi kupanda kusema. Elisha hakunilaumu. Alinifuta grisi shavuni, akaiongeza, akasema, "Tunalitengeneza leo leo."

Kwa Bwana Karim nilinunua mpira, kibano na kulanti, ile dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Binti wa fundi, maji ya bomba? Mzee angekuchapa na huo mpira!" Kisha akauliza, kwa upole, kama aliandalie gari nafasi. Nikamwambia nafasi hiyo aweke friji.

Tanki tulilisafisha kwa siki, likatoa povu, boya likaachia. Lakini kusuuza rejeta kulitaka ndoo kadhaa za maji safi, na huu ni ukame. Maji ya mvua yamebaki sehemu moja tu: pipa lako, kwa Mama.

Nilikwenda na ndoo mbili. Shikamoo, marahaba, halafu akauliza ya nini. Nikasema ya kufulia nguo nyeupe. Mama akaitazama mikono yangu.

"Siku hizi mnafulia kwa grisi?"

Nikamwambia yote. Jagi, mara zote mbili, na kuficha. Nilisema kama anataka kuuza, sina haki ya kumzuia, maana gari halikumsumbua mtu. Mimi ndiye niliyelisumbua. Mama akaingia ndani, akatoka na ndoo ya tatu, akajifunga kanga kiunoni. "Kumbe haliugui," akasema. "Lilitaka tu mtu wa kulitunza. Twende."

Alisimama pale uani akituangalia tukisuuza mpaka maji yakatoka meupe, tukifunga mpira mpya, tukijaza, tukiacha injini iungurume huku hewa ikitoka kwa kukoroma. Feni ikazunguka. Taa haikuwaka. Elisha alinibeba juu mbele ya mama yangu, Baba, niliona haya, nilifurahi!

Mama hakuudai ufunguo. Alifungua mlango, akaketi kiti cha mbele. Tangu tukuzike hajawahi kukaa pale. Akafunga mkanda, gari limesimama, akasema kaburi lako litakuwa limefunikwa na vumbi na haoni kwa nini tunamchelewesha.

Nikamwomba anipe siku chache tu nilitazame gari kila asubuhi, lisije likatuaibisha njiani. Kulanti sasa nanunua mwenyewe, na kila nikijaza kitu namwambia mume wangu. Hilo nakuahidi kama nilivyoahidi madhabahuni.

Pumzika, Baba yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kaburini kwako huko Mvumi, sisi watatu. Mama amesema atakusalimia yeye kwanza, sisi tukae mbali kidogo. Tutakaa.

Binti yako