Kitambaa cha Mama Mkwe

Nachingwea, Alhamisi, Novemba 2008

Diski ya laptopu haijafa. Kurasa zangu arobaini za utafiti wa chuo zipo zote, alhamdulillahi.

Wiki tatu hizi laptopu inajikokota tu. Nabonyeza herufi, nangoja, halafu inazimika katikati ya sentensi. Juzi nilipiga meza ngumi mpaka mkono ukavimba, nikidhani kazi yote imepotea.

Leo fundi redio wa sokoni aliifungua mbele yangu. Kifeni cha kuipoza kilikuwa kimeziba kwa vumbi jekundu na nyuzi nyeupe. Akavuta uzi mmoja, akanionyesha.

"Mwalimu, nyumbani mnaifunika na nini?"

Nilijua papo hapo. Tangu mama mkwe aje kutoka Chinongwe, anaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama anavyofunika redio. Hata nikiiacha inawaka, nikienda jikoni mara moja, narudi naikuta gubigubi.

Njiani nilipanga maneno, nikayapangua. Nilimkuta uani akibangua korosho. Nikamwambia tu ukweli: inataka hewa, joto ndilo linaizima.

Aliweka korosho chini. Niliogopa nimemuumiza, na yeye ndiye anayenipikia ili mimi nisome.

"Kumbe nilikuwa naikaba pumzi," akasema, kisha akacheka. Akaingia ndani, akakikung'uta kile kitambaa, akaja kunitandazia mabegani.

"Basi kikufunike wewe, mwanangu. Wewe huzimiki."

Ninacho mabegani mpaka sasa, na joto lote hili.