Kijiwe Kisicho na Amina

Jericho, Nairobi
2 Machi 1999

Kwa Kavindu, mama yangu,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Umoja kama ilivyotuacha sisi hapa, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo hujua habari za mvua kabla ya redio. Mama yako hajambo. Anakusalimu na anauliza kama unakula.

Najua kutoka kwangu hadi kwako si safari, na mtu mwingine angekuja akasema kwa mdomo. Lakini tangu Krismasi hatusemezani, na isitoshe miaka thelathini na mmoja ya ukarani ilinifundisha kwamba jambo zito huandikwa. Barua inaletwa na Tobias, mlinzi wa kanisa, kwa baiskeli. Nakala nimebaki nayo.

Jambo lenyewe ni hili. Kile chumba cha kanisa pale Umoja, mlichokodi wewe na mwenzako Fowsiya mkaweka kompyuta nne, mkataba wake unaisha Juni. Jumamosi wazee wa kanisa tulikutana. Mzee Nabiswa, mwenyekiti wetu, amesikia kwamba vijana wa kwaya hushinda humo wakipiga gumzo la kuandikiana kwenye kijiwe cha intaneti, na watu wa mbali wasiowajua, na kwamba humo hakuna mtu mwenye jina lake. Mmoja anaitwa Kisu Kali. Mwingine anajiita Malkia wa Mitaa. Wanatukanana, wanadanganyana umri, na inasemekana wawili walioana humo Jumatano wakaachana Ijumaa.

Nimeagizwa kuandika hotuba ya kulaani mambo hayo, niisome kanisani Jumapili tarehe 30 Mei. Baada yake wazee watapiga kura kama mtaongezewa mkataba au mtahama. Nilitaka uyasikie kwangu kwanza. Mimi ni baba yako, lakini pia ni mzee wa kanisa, na kura yangu haina undugu.

Baba yako,
Wathome Kyule


Umoja
5 Machi 1999

Baba,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Mwambie Mama nakula.

Tobias alisimama mlangoni kungoja jibu kama tarishi wa mahakama. Nilimwambia arudi siku nyingine kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kuandika nikiwa nayo. Bado ninayo, ila imepoa kidogo.

Krismasi ulisimama mbele ya wageni wote ukaziita kompyuta zangu masanduku ya ibilisi. Nilikuwa nimeshika sinia la pilau, Baba. Pilau niliyoipika mimi. Siku hiyo nilikuja kuwaambia kwamba nimeacha kazi ya kupiga taipu, kwamba hiki chumba ndicho kazi yangu sasa, na nilidhani utafurahi. Nikaweka sinia chini nikaondoka bila kuonja hata punje.

Sasa unataka kuandika hotuba juu ya kitu ambacho hujakiona. Hata wana wa Israeli walituma wapelelezi kabla ya kusema nchi ni mbaya. Njoo uone. Jumanne na Ijumaa mimi huwa mjini, kwa hiyo hutalazimika kunitazama usoni. Fowsiya atakupokea. Akikuambia ukae, kaa, maana hata wateja wakorofi humwogopa.

Tukifukuzwa hapa hatuna pa kwenda. Mtaa mzima sijaona mwenye nyumba mwingine mwenye laini ya simu ambaye atatukodisha. Nitarudi ofisini kupiga taipu barua za watu wengine. Hilo ndilo utakalolipigia kura.

Kavindu


Jericho
24 Machi 1999

Mama,

Bwana asifiwe. U mzima? Sisi wazima, na goti linakusalimu. Barua yako niliisoma mara mbili nikitafuta Amina, sikuiona. Wala hukuandika wewe ni nani kwangu, umeweka jina tu, kama risiti. Wewe nilikupa jina la mama yangu mzazi, na ndiyo maana sijawahi kukuita kingine. Silalamiki. Nasema tu kwamba nimeona.

Jana nilikwenda. Nilivaa koti la ibada. Fowsiya alinipa chai ya iliki, akaniketisha, akasema, "Mzee, hapa kila mtu anajichagulia jina." Nikamwambia jina ninalo, nilibatizwa nalo. Nikaandika: Mzee wa Kanisa Wathome Kyule wa Jericho. Mashine ikakataa, ikasema ni refu mno. Tukakata, tukakata, mpaka ikabaki Mzee Wathome.

Nikaingia kijiweni. Kulikuwa na watu thelathini na wanne. Sasa, mama, wewe umelelewa kwetu. Mtu akitaka kusema mbele za watu husimama, husema Bwana asifiwe, watu huitika Amina, ndipo aendelee. Nikasimama. Fowsiya akasema, "Lakini mzee, hawakuoni." Nikamjibu kwamba Mungu ananiona. Nikaandika Bwana asifiwe, nikangoja.

Hakuna aliyeitika. Maneno yalikuwa yanapanda tu kwenye kioo, huyu anatukana, yule anacheka, na mimi nimesimama na koti langu. Dakika kumi na moja. Goti linauma. Lakini siwezi kuendelea bila Amina, hata unipige. Mmoja akaandika, "Huyu buda amekwama?" Buda kwao ni mzee, yaani mimi. Mwingine akasema, "Wasee, kuna mtu ameleta kanisa kwa kijiwe." Na mwishowe aliyeniitikia, hutaamini, alikuwa Kisu Kali mwenyewe, yule anayetajwa kwenye kikao cha wazee! Aliandika: "Amina mzee, endelea basi, utazeekea hapo."

Nikaketi. Nikaanza kuwasalimu mmoja mmoja kwa jina, nikiuliza habari za nyumbani. Nilipofika kwa mtu wa kumi na tisa Fowsiya akaniambia saa yangu imekwisha.

Nimeona ya kutosha kuwalaani. Hata hivyo kuna watu kumi na watano ambao sikuwafikia, na si adabu kusalimu nusu ya watu ukaondoka. Nitarudi Ijumaa, nimalize salamu tu.

Baba yako,
Wathome


Umoja
20 Mei 1999

Baba,

Hamjambo nyumbani? Goti? Mama?

Salamu za watu kumi na watano zimechukua miezi miwili. Leo nimefungua daftari la wateja kutafuta kitu kingine kabisa, nikakuta Mzee Wathome ametia sahihi mara kumi na saba. Kumbe Fowsiya alikuwa ananificha, eti ulimwomba siri. Nilipombana akasema yote. Kwamba kiti cha dirishani sasa ni chako na wateja wanajua. Kwamba uliwaamuru watu wa kijiwe waache kusema wote kwa pamoja, wanyooshe mkono, na kwamba walitii, wakawa wanaandika "mkono" na kungoja uwaite. Kwamba Malkia wa Mitaa alitukana ukamwambia aombe radhi, akaomba. Na Mama naye ananiambia kwamba siku hizi ukiinuka mezani kuchukua chumvi unatangaza, "Narudi sasa hivi, msiondoke."

Nimecheka, Baba. Nimecheka hata nikasahau kwamba nimekukasirikia, kisha nikakumbuka.

Hotuba ni Jumapili ya wiki ijayo. Vijana wa kwaya wanasema imefika kurasa nane na Mzee Nabiswa ameisoma akaisifu. Sikuelewi. Mtu anakaaje kijiweni mara kumi na saba, anakunywa chai ya watu, kisha anasimama kukilaani? Mimi na Fowsiya tumeshaomba maboksi dukani, ya kufungia kompyuta. Niambie tu kama tuyatumie. Nakuuliza wazi na naomba unijibu wazi.

Kavindu


Jericho
31 Mei 1999

Mama,

Bwana asifiwe. Barua yako haikujibiwa kwa sababu jibu sikuwa nalo. Jana nilikutafuta kwa macho viti vyote, hukuwepo. Fowsiya nilimwona nje ya dirisha la kanisa akijifanya ananunua ndizi. Alinunua ndizi kwa saa nzima.

Hotuba niliisoma. Mwanzoni sikupunguza neno, maana yaliyomo ni kweli na nimeyaona mwenyewe. Mle ndani wanaume wanajifanya wasichana, mwenye miaka arobaini anajiita wa ishirini, na mtu humtolea mwenzake tusi ambalo angemwona uso asingethubutu. Nikasema Mungu alipomtafuta mtu pale bustanini, mtu alijificha, na mpaka leo mwenye dhambi kwanza hutafuta pa kujificha. Sisi tulipewa majina tukabatizwa nayo ili tukiitwa tuitike. Watu wakasema Amina. Mzee Nabiswa alisema mbili.

Nikafika ukurasa wa tano, mahali nilipoandika kwamba hakuna anayeingia kijiweni akatoka bila kusema uongo. Hapo nikashusha karatasi.

Ngoja nikueleze. Kisu Kali jina lake ni Wamalwa. Ni kijana wa mtaa wa Lucky Summer, yuko Marekani kwenye baridi, alikwenda kusoma. Masomo yakamshinda, aibu ikamshika, na sasa ni miaka miwili hajamwandikia mama yake hata mstari. Matusi yote yale ni upweke, mama, nimekaa naye nimeona. Nilimwambia achukue karatasi na kalamu aandike nyumbani. Akaniuliza, "Na wewe mzee, na watoto wako mnaongea?"

Nami, kwa jina langu nililobatizwa nalo, nikamjibu: "Binti yangu huja kula nasi kila Jumapili baada ya ibada. Tunaelewana sana." Akafurahi. Nikaona amefurahi, nikaongeza kwamba hutupikia pilau.

Haya niliyasema jana madhabahuni, mbele ya kanisa zima. Nikawaambia wengine hujificha nyuma ya jina la bandia, mimi nilijificha nyuma ya jina langu halisi, na hilo ni baya zaidi kwa sababu kijana aliliamini. Nikasema kijiwe ni kibaya kama tulivyo wabaya sisi tunaoingia, na kwamba kama tukikifunga, Kisu Kali hatakuwa na mtu wa kumwitikia. Kisha nikasema Bwana asifiwe, nikangoja. Sikupata hata Amina moja. Nikaketi.

Wazee walikaa kikao mpaka saa kumi, mimi nikiwa nje. Mkataba wenu umeongezwa mwaka mmoja. Yarudisheni maboksi. Kuna masharti mawili: vijana wa kwaya waingie kwa majina yao, na mzee mmoja awe pale kila Jumanne na Ijumaa kusimamia maadili. Mimi nimewekwa chini ya nidhamu miezi mitatu. Nakaa kiti cha nyuma, sisomi matangazo, sishiriki Meza ya Bwana. Kuhusu yule msimamizi, ilionekana hakuna mzee mwingine anayejua hata kuwasha kompyuta, kwa hiyo adhabu hiyo pia wamenitwika mimi. Nimeipokea kwa unyenyekevu.

Ijumaa nitamwambia Wamalwa ukweli. Naogopa akijua nilimdanganya hatamwandikia mama yake.

Lakini sikushika kalamu kwa sababu ya hayo. Krismasi nilikuaibisha mbele ya wageni kwa kitu nisichokijua. Ulikuwa umenipikia, na nikakufukuza kwa maneno yangu. Nimekosa, mama. Nisamehe. Nyumba imekuwa kimya sana tangu siku ile.

Nakala ya barua hii sikubaki nayo.

Baba yako,
Wathome


Umoja
3 Juni 1999

Baba,

Amina. Amina. Amina.

Ya kwanza ni ya barua ya tarehe 2 Machi, ya pili ni ya tarehe 24, na ya tatu ni ya juzi. Nilikuwa nazo siku zote. Nilikuwa nazizuia makusudi, nikijua utazitafuta.

Mimi mzima, natumaini nanyi mko vizuri. Fowsiya alirudi Jumapili na ndizi nyingi kuliko tunavyoweza kula, akanisimulia yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na alipofika mahali uliposema Bwana asifiwe ukakosa wa kukuitikia, yeye, Mwislamu wa watu, akasema ilibaki kidogo aitike kutoka dirishani. Mimi nililia, Baba. Nilikuwa huku nafunga nyaya za kompyuta peke yangu, na ningekuwa kanisani ningeitika.

Nimekusamehe. Nami unisamehe kwa kukaa mbali nanyi miezi mitano.

Sasa, kwa kuwa mimi ni mama yako na ulinipa jina hilo mwenyewe, nakuagiza. Kesho ukija kwenye adhabu yako, kiti cha dirishani kipo. Mwambie Wamalwa ukweli wote, usimfiche kitu. Mwambie siku ile binti yako alikuwa hasemi nawe kabisa. Halafu mwambie kwamba Jumapili hii, tarehe 6, atakuja, na Jumapili nyingine pia. Akitaka kujua pilau ilikuwaje, aingie Jumanne umsimulie, lakini aje na habari kwamba barua ya mama yake ameshaitia posta.

Ibadani nitakaa nawe kiti cha nyuma, hiyo miezi mitatu yote. Nyama naja nayo. Mama aloweke mchele. Na ukisimama mezani ukasema Bwana asifiwe, ningoje kidogo, huenda nikawa na pilau mdomoni.

Mama yako,
Kavindu