Dada, Nani Aliichagua Siku ya Bamvua?

Dada yangu Mejumaa,

Shikamoo. Sisi huku Msambweni ni wazima, alhamdulillah. Mama anakuombea dua kila baada ya swala, lakini hajui kwamba nakuandikia. Najua ungependa nikupigie simu, ila unanifahamu: kwenye simu maneno yangu huisha nikishasema "haloo". Wewe unaipata barua hii sasa. Wengine wataisoma jarida la shule litakapotoka mwisho wa muhula. Nimeiacha iwe wazi kwa sababu jambo ninalotaka kukuuliza ulilisema hadharani, nami nilikuwepo.

Kwanza nikukumbushe mwambani. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuujua mwezi. Uliniambia kwamba ukiandama na ukikamilika, bahari hupwa mpaka mbali, mwamba ukabaki wazi asubuhi nzima, na siku hizo za bamvua hakuna mwanamke wa mtaani kwetu anayekaa nyumbani. Tulikuwa tukishuka kwa ile njia nyembamba katikati ya kuta mbili za mawe, mama mbele na ndoo yake, wewe nyuma yake, mimi nimeshika nguo yako. Niliogopa mashimo ya mwamba. Ukaniambia, "Zuhura, usimtafute pweza, tafuta mlango wake. Ukiona vijiwe na makombe yamepangwa vizuri pahali ambapo hapana mtu wa kupanga, mwenyewe yumo ndani." Siku ile nilimpata wa kwanza, akanizungushia mkono wake, nikapiga kelele, na wewe ukacheka mpaka ukakaa majini na nguo zako.

Pweza wale ndio waliokusomesha. Sikusemi, na mimi ndio wanaonisomesha.

Nakumbuka pia ulipoanza kazi katika lile duka la kutoa nakala kule Kwale, karibu na ofisi za kaunti. Watu walikuja na makaratasi yao wamechanganyikiwa, nawe ukawa unawaambia waanze mlango upi. Baadaye mkandarasi mmoja akakuchukua umbebee mafaili yake, kisha ukasoma jioni, kisha ukawa msaidizi, kisha ukawa na kitambulisho shingoni. Usiku mmoja nilikuuliza kazi yako hasa ni nini. Ukachukua vikombe vyote vya chai ukavipanga mkekani. Hiki ni kiwanja, hiki ni matumizi ya ardhi, hiki ni mazingira, hiki ni ramani ya jengo, hiki ni maji. Halafu ukaweka bakuli la uji mbele ya vyote. "Na hili?" nikauliza. "Hawa ni watu wanaoishi hapo," ukasema. "Wengine huliruka. Mimi kwangu huanza nalo, maana wakikataa watu, hivi vikombe vyote nitavirudia upya."

Nilikuamini mno. Shuleni, mwalimu alipotuuliza tunataka kuwa nani, nilisimama nikasema mtaalamu wa vibali. Riziki wa dawati la nyuma akauliza, "Vibali vya nini, vya kuzika?" Darasa likaangua kicheko. Nilikaa chini uso ukiniwaka, lakini moyoni nilijisemea kwamba hawajakuona wewe na vikombe vyako.

Sasa, dada, naja pale panaponiuma.

Likizo iliyopita ulikuja na gari la kampuni. Kuna hoteli inataka kujengwa pale pwani petu, na uwanja wake unaichukua ile njia yetu ya kushukia. Ukasema wewe ndiye unayeshughulikia vibali vyake, na kwamba lazima uitishwe mkutano watu watoe maoni. Mama alifurahi. Alisema afadhali liwe mkononi mwako kuliko mwa mgeni.

Jioni ya siku ya pili tulikuwa barazani tukichambua mchicha. Ukamuuliza mama, kama mtu anayeuliza saa, "Mama, kwani mwezi leo una siku ngapi?"

"Kumi na moja," mama akasema. Uso wake ukang'aa. "Mashallah! Unataka kuzifunga zile siku nyeupe, kumi na tatu mpaka kumi na tano? Nitakuamsha kwa daku."

Wewe ukatabasamu tu, ukaendelea na mchicha. Mama alikuamsha usiku wa kuamkia kumi na tatu. Ukala daku naye. Asubuhi nilikukuta ukinywa chai na mahamri nyuma ya nyumba. Nilijisemea labda una udhuru. Siwezi kukuhukumu kwa chai. Lakini kama hukuuliza mwezi kwa ajili ya kufunga, uliuliza kwa ajili ya nini?

Siku hiyo hiyo ikatangazwa: mkutano keshokutwa, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Keshokutwa yenyewe ilikuwa kumi na tano. Saa nne, dada. Saa ambayo mwamba wote uko wazi.

Siku yenyewe, mama alipopita akiwa na ndoo yake alikuuliza kama kweli mtaanza saa nne. Ukamjibu, "Unajua mikutano ya watu wa ofisini, mama. Itavutana mpaka adhuhuri, mtatukuta." Akakuamini, akaenda. Wote wakaenda.

Mimi nilikaa safu ya mwisho na kitabu changu. Hema lilijaa waendesha bodaboda, wenye maduka, na wazee wawili watatu ambao hupenda mikutano yoyote yenye viti. Afisa mmoja aliyetoka kaunti akazungusha macho, akauliza kwa upole, "Samahani, akina mama mbona siwaoni?"

Nilifunga kitabu. Nilidhani utamwambia wako mwambani, ni bamvua, tusubiri kidogo maji yarudi.

Ukasimama, ukasema, "Akina mama wa huku kwetu wana haya, mheshimiwa. Hawapendi kukaa na wanaume hadharani. Hata mdogo wangu yule pale nyuma, mkimpa kipaza sauti atazimia."

Watu wakacheka, wakageuka kunitazama. Mzee Bakari, anayependa mzaha, akaniita, "Wewe mtoto wa vitabu, hebu sema hata bismillahi tusikie!" Nikainamisha kichwa. Afisa akatikisa chake, akaandika.

Mejumaa, haya? Mama yetu ambaye akipunjwa na mnunuzi wa pweza husikika mpaka barabara ya lami? Bi Mwanamisi ambaye alimfukuza dalali wa viwanja kwa mwiko? Wewe uliyekuwa ukiwaigiza kelele zao tukicheka tukalala ndiwe unayesema wana haya? Mwenye haya ni mimi peke yangu, na haya yangu ukawavisha wanawake wote wa mtaa.

Walipopanda kutoka pwani, hema lilikuwa linakunjwa. Nguo zao zimelowa, ndoo zimejaa. Mama akauliza, "Mbona mmeshamaliza?" Ukasema, "Wageni walikuwa na haraka, mama." Hakukasirika hata kidogo. Alitia mkono ndooni akamtoa pweza mkubwa kuliko wote, akamfunga kwa mfuko, akasema, "Mpe mkubwa wako wa kazi, mwambie karibu sana Msambweni." Ukampokea. Nilikuwa nakutazama usoni nikitafuta kitu, chochote, ila ulivaa miwani ya jua.

Kisha nikasikia yule mkubwa wako, akiwa anaufungua mlango wa gari, anakwambia, "Meju, wewe ni noma. Mikutano ya wengine inakuwanga vita. Yako watu wanapiga tu makofi na kwenda. Hii cheo huko Nairobi ni yako, wacha nikuambie."

Mlipoondoka nilikwenda maktaba ya Ukunda, nikakaa siku nzima bila kufungua ukurasa. Mwezi uliofuata ulipandishwa cheo. Mama aligawa mahamri kwa majirani. Langu nilimpa mtoto wa jirani.

Nimejaribu kukutetea, usidhani sijajaribu. Nimesema labda tarehe ilichaguliwa Nairobi na mtu ambaye hajawahi kuiona bahari ikipwa. Labda uliona hatari ukashindwa kumpinga mkubwa wako. Labda uliuliza mwezi kwa sababu ya mambo yako tu. Kila labda inasimama vizuri mpaka ninapokumbuka lile jibu kuhusu haya. Tarehe unaweza kupangiwa na mtu. Jibu lile ulilitoa mwenyewe, tena haraka, kama mtu aliyekuja nalo.

Na shaka ni kitu kibaya, dada. Tangu siku ile kila kitu chako nakigeuza nione upande wa pili. Uliponitumia viatu vya shule, nilijiuliza unaninunua? Unapomuuliza mama habari za jirani fulani, najiuliza unataka kujua nini. Nakumbuka vikombe mkekani na lile bakuli la uji, na nawaza: huyu alikuwa ananifundisha kuwaanza watu kwa heshima, au kuwaanza ili wasije wakamsumbua? Sikutaka kufika hapa. Ulikuwa mtu pekee ambaye sikuwahi kumshuku.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu uondoke. Vigingi vilipandwa katikati ya njia yetu. Akina mama walivikuta wakishuka, wakarudi wakali. Njia ikifungwa watalazimika kuzunguka kwa barabara kuu, na wakifika mwambani maji yatakuwa yameanza kurudi. Kwetu hiyo ndiyo karo yangu, ndiyo chakula, na ndiyo dawa za mama. Wakauliza nani aliyeruhusu. Wakaambiwa jamii ilikubali, mkutano ulifanyika, hakuna aliyepinga.

Bi Mwanamisi akasema, "Si mwanao ndiye aliyeshika kipaza sauti?"

Mama akamjibu mbele ya wote, "Mwanangu walimpangia. Mejumaa angejua kuwa ni bamvua asingekubali. Amesahau tu mambo ya mwezi huko mjini." Alisema kwa sauti ile unayoijua, ile ya kumaliza maneno. Nami nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Mama alikuwa amesahau kwamba wewe ulimuuliza yeye habari za mwezi, lakini mimi sijasahau.

Sikumwambia. Badala yake niliwaandikia akina mama maombi kwamba mkutano urudiwe wakati wa maji mafu, bahari isipopwa mbali na watu wakiwa nyumbani. Nilikwenda nao Kwale. Pale kwenye dirisha sauti ilinitoka nyembamba, Bi Mwanamisi akawa ananisukuma mgongoni, "Sema, mwanangu, hawali watu hawa!" Nikasema. Kibali cha mazingira kilikuwa hakijatoka, kwa hivyo wamekubali. Mkutano utarudiwa, na kampuni yenu imeshaarifiwa. Huenda hili likakuharibia kazini. Nimeliwaza sana, nikalia, na bado nikaenda.

Bado nataka kazi kama yako. Nataka kujua mlango upi huanza na upi hufuata. Ila nataka kwanza kujua kama mtu anaweza kupanda katika kazi hii na bado akarudi kwao bila miwani ya jua.

Mama ana hakika utakuja. Anasema vibali ndiyo kazi yako, utatuelekeza. Ameshawaambia wenzake kwamba siku hiyo atasimama wa kwanza awaeleze watu wewe ni mtu wa namna gani, na kwamba wanaokusema vibaya wanakuonea. Akishasema hivyo mbele ya mtaa mzima, dada, kama si kweli, hataweza kuyarudisha.

Kwa hivyo ukija, usimngoje. Mwambie mwenyewe mapema, nyumbani, mkiwa wawili, nani aliyeichagua siku ile. Nitatoka niwaachie chumba. Kama hukuichagua wewe, nitakuomba radhi nikiwa nimepiga magoti, na barua hii nitaiondoa jaridani. Ila ukifika mkutanoni ukakaa kimya, mimi nitanyanyua mkono wa kwanza na nitakuuliza mbele za watu, kabla mama hajasimama kukutetea.

Safari njema kama unakuja. Mungu akulinde hata kama huji.

Mimi mdogo wako,
mtoto wa mwisho wa mama yetu.