Miguu ya Kaka Yetu Haikulogwa

Mpendwa mdogo wangu,

Uniwie radhi kwa kimya kirefu. Tangu uhamie Chekalini nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini, kwa kuwa sikutaka kukutumia uvumi. Sasa ninao ukweli, na umenitia hasira.

Unakumbuka njia ya kutoka nyumbani hadi barabara ya Shianda? Kila masika uliichimba na kuijaza kokoto ili mama asiteleze akienda kanisani. Nilikuwa nikikutania, "Hata serikali haijakuajiri." Ukanijibu, "Serikali haina mama."

Njia hiyohiyo ndiyo iliyokuhukumu. Kaka yetu Makokha alipoanza kulia kwamba nyayo zinawaka moto, kisha zikafa ganzi hata akajikata kidole cha mguu kwa panga akivuna miwa bila kuhisi, mganga alisema amekanyaga kitu kilichofukiwa njiani. Nani huichimba njia ile? Ni wewe. Wakafukua kokoto zako zote. Hawakupata kitu, na hilo nalo likawa ushahidi: eti ulikwisha kukiondoa.

Ungali ukimsikia kaka uani, mbele ya majirani? "Toka! Ulikuwanga na wivu tangu utoto!" Nawe ukamjibu tu, "Ugua pole, kaka," ukaondoka na mkeo na watoto.

Juzi nilimpeleka mwenyewe hospitalini Kakamega. Daktari, binti mwenye adabu, alimwuliza miguu ilianza lini kuwaka.

"Baada ya kuanza dawa za kifua kikuu."

"Ulimwambia aliyekuwa akikupa dawa?"

"Nilimwambia. Akasema nitazoea."

Nitazoea! Daktari alitueleza kwamba dawa mojawapo kati ya zile huweza kuumiza neva, hasa za mtu asiyekula vizuri au anayekunywa pombe, na kwamba ipo vitamini ya kuzikinga. Kaka hakupewa, wala hakuulizwa anakula nini. Siilaumu dawa, imemponya kifua, na hakupaswa kuiacha. Namlaumu aliyemnyamazisha mgonjwa kwa neno moja. Namlaumu zaidi kaka, aliyejua fika miguu ilianza lini, akachagua kumsikiliza mganga.

Sasa wazee wa ukoo wanasema yaliyopita si ndwele. Wanataka uje kimyakimya, tuchinje ingokho, kuku mmoja tu, tumle kwa obusuma, ugali wetu, yaishe. Kaka naye akaniambia, "Dada, wacha hiyo maneno. Si atajua nimemsamehe?"

Amekusamehe! Nilimwuliza amekusamehe kosa gani. Akatazama miguu yake.

Nimekataa. Uliitwa mchawi mbele ya watu, na mbele ya watu haohao kaka atalifuta neno hilo kwa kinywa chake. Binti yako amefikia umri wa kuposwa; nani atakayeleta posa katika nyumba iliyotajwa kwa uchawi? Kuku mmoja hawezi kuliosha jina la mtoto.

Wazee watakaa Jumamosi kuliamua dai langu hilo. Usipande gari kabla hujapata neno langu, hata wakikupigia simu kwa sauti tamu. Wakishaamua nitakuandikia uamuzi wao jinsi walivyoutamka, bila kuupaka sukari, nawe ndiwe utakayesema kama unatosha.

Wako,
Dada yako mkubwa