Nimekuza Kilima cha Shule Mara Kumi

Mshauri mpendwa,

Naomba uninusuru kabla ya Ijumaa, maana nimetengeneza mlima usiokuwepo na sasa shule nzima inauogopa, na mimi ni mtu ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji huwa najizoeza kwanza kichwani.

Nina miaka kumi na sita, navaa miwani, na ninachokipenda kuliko vyote ni vitabu. Shule yetu haina maktaba. Vitabu vimo ndani ya maboksi kumi na manne kwenye stoo ya michezo, chini ya mipira na soksi za timu, kiasi kwamba ukifungua riwaya inanuka golikipa. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipotangaza kwamba maktaba itajengwa juu ya ule mwinuko nyuma ya madarasa, na kwamba kamati ya shule inataka kwanza kuona mchoro wa eneo, niliona mkono umeinuka kabla sijatambua kuwa ni wangu, kwa sababu mama mdogo ni mchoraji katika ofisi ya wapima ardhi na likizo iliyopita alinifundisha programu ya kuchorea kwenye kompyuta yake.

Mama mdogo akaja na vifaa, akapima, akatengeneza modeli ya ardhi ndani ya kompyuta, halafu akasafiri kikazi akaniachia kazi ndogo tu iliyobaki: kuikata ile modeli ili ionekane kwa ubavu, kama unavyoona matabaka ya keki ukishaikata, kuuweka mkato huo kwenye karatasi ya kuchapishwa kwa skeli inayoeleweka, na kuandika skeli hiyo chini yake. Nikaweka moja kwa mia tano. Mshauri, mwinuko wetu una urefu wa mita mia na themanini lakini unapanda mita nne tu, kwa hiyo kwenye karatasi ulitoka kama uzi wa kushonea uliodondoka mezani. Nikauonea huruma. Nikakumbuka mama mdogo alisema wachoraji wanaruhusiwa kukuza kimo peke yake, mara mbili, mara tano, hata mara kumi, ili jicho lione ardhi inavyopanda na kushuka, mradi tu waandike wazi kwamba wamekuza.

Nikakuza mara kumi. Uzi ukasimama. Likawa jabali lenye kichwa na mabega, nikajikuta napiga makofi peke yangu chumbani. Kisha nikaweka maktaba juu yake na mtu mmoja chini yake, ila hivyo nilivichora kwa vipimo vyake vya kweli, basi maktaba ikawa kama kiberiti na mtu kama punje ya mchele. Na yale maneno "kimo kimekuzwa mara kumi" niliyaandika, naapa niliyaandika, lakini yalikuwa yanagusana na jina langu pale pembeni, yakaharibu mpangilio, nikayafuta.

Mwalimu mkuu akaubandika mchoro kwenye ubao wa matangazo, na tangu siku hiyo watu wamepoteza akili. Mwalimu wa michezo amesitisha mbio za nyuma ya madarasa mpaka zipatikane kamba. Wenzangu, ambao tangu kidato cha kwanza wananiita "yule wa miwani", sasa wananiita Injinia. Mmoja aliniuliza, "Injinia, ulipimaje kule bila kuanguka?" na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Polepole tu."

Anayeniumiza zaidi ni mlinzi wetu, mzee tunayemwita Babu Filimbi. Kila asubuhi alikuwa anapanda mwinuko ule kwa baiskeli huku akiimba. Baada ya kuuona mchoro, anashuka na kuisukuma. Jana nilimkuta amesimama katikati, mkono kiunoni, anahema.

"Injinia," akaniambia, "miaka kumi na miwili napanda jabali hili na hakuna hata mmoja aliyeniambia!"

"Babu, lakini si ulikuwa unapanda vizuri tu?"

"Nilikuwa sijui, mjukuu wangu. Sasa magoti yamejua."

Halafu mwenyekiti wa wazazi akaja kuutazama. Akavua kofia, akasema, "Nani atamtuma mtoto akasome kwenye jabali? Hapo ni pa mbuzi!" na gari lake mwenyewe, Mshauri, lilikuwa limeegeshwa juu ya jabali hilo hilo, kama anavyoliegesha kila mkutano. Sasa anapendekeza maktaba ifutwe, na yale matofali yaliyokwishaletwa yajenge ukuta wa kuzuia watu wasiporomoke. Kamati inaamua Ijumaa, na vitabu vyangu vitazeekea chini ya soksi.

Nimefikiria kuung'oa mchoro, lakini ubao uko mbele ya ofisi. Nimefikiria kuugua. Nimefikiria hata kuomba udongo uletwe ili mwinuko ufanane na mchoro, ila nilipofika malori elfu kumi na tisa nikaacha kupiga hesabu. Nikisema ukweli, sitakuwa Injinia tena, na itabidi niuseme kwa sauti, mbele ya watu. Nifanyeje?

Wako,
Yule wa Miwani


Binti yangu,

Picha ya mchoro uliyoambatanisha niliitazama nikashika kiti, kwa hiyo usidhani siwaelewi hao wenzako. Umechora vizuri. Hapo ndipo pongezi zangu zinapokomea.

Kukuza kimo si kosa. Mama yako mdogo alikueleza vizuri na wewe ulielewa vizuri. Ulikosea uliponyanyua kidole ukafuta mstari mmoja wa maandishi ili jina lako lipate nafasi ya kupumua. Umewapa watu jabali na ukawaficha kipimo chake, na chini yake ukapanda punje ya mchele! Hata mimi ningeomba kamba.

Pole, lakini acha kulia, una kazi. Leo hii mpigie mama mdogo simu umweleze, maana modeli ni yake na haki yake ni kusikia kutoka kwako. Atafoka. Msikilize mpaka amalize. Kisha fungua karatasi ile ile kwenye kompyuta na uweke mkato wa pili chini ya ule wa kwanza, safari hii kimo na urefu vyote viwe moja kwa mia tano. Ndiyo, ule uzi wako mnyonge. Uache ulale, ndivyo ulivyo. Juu yake weka maktaba, mtu, na gari la mwenyekiti. Chini ya jabali andika kwamba kimo kimekuzwa mara kumi, kwa herufi kubwa kuliko za jina lako. Jina likikosa nafasi, lisogeze au litoe.

Chapisha nakala mbili. Moja mkabidhi mwalimu mkuu ofisini kwake, siyo kwenye paredi, na useme sentensi moja tu: "Nilikuza kimo nikafuta maelezo, mchoro sahihi ni huu." Jizoeze kichwani kama unavyojizoeza kuomba maji. Ya pili ibandike ubaoni kando ya ile ya zamani, ili kila mtu aone kwamba ni ardhi ile ile. Kamati wakibisha, mwombe mwalimu mkuu wakutanie pale juu, kila mtu na kikombe cha chai mkononi. Chai isipomwagika njiani, hakuna wa kujengewa ukuta.

Watakucheka, pengine wiki nzima. Jina la Injinia linaweza likaenda. Ila ukiwa umeketi ndani ya maktaba na kitabu kisichonuka golikipa, hutalitafuta.

Lakini kabla hujamkabidhi mtu nakala yoyote, kuna jambo moja. Kesho asubuhi wahi shuleni, msubiri Babu Filimbi pale chini ya mwinuko kabla hajashuka kwenye baiskeli. Mzee wa watu anasukuma chuma kwenye ardhi tambarare kwa sababu yako. Mweleze kila kitu, hata habari ya kufuta maandishi ili jina lako lipate nafasi. Kisha mwambie apande, nawe umfuate kwa miguu, na usirudi chini mpaka umsikie anaimba.