Chawa wa Shakwe Kwenye Ukuta wa Mama

Baba,

Shikamoo, mwangaluka. Nakuandikia nimekaa kwenye kile kiti chako cha kuzunguka, hapa hapa studio Kalangalala, kiti ulichokuwa unawakataza wateja wasikiguse. Nimekikalia. Njoo uniinue.

Nianze na habari za Mama, maana najua ndizo unazozitaka. Mama hajambo. Asubuhi analia, mchana anagombana na kuku, jioni anakusema. Anadai uliondoka makusudi ili usimalizie kupaka rangi ule uzio. Tulikuzika kwenu Maganzo kama ulivyotaka, na watu walijaa.

Mimi tangu siku ile sikushika kamera, nisikufiche. Nilikuwa nafungua studio, nafuta vumbi, nafunga. Mteja akija namwambia mashine mbovu. Baba mdogo akasema basi tuiachie hii fremu ya duka, mwenye nyumba ana mtu wa vipuri vya pikipiki. Nikakubali, nikamwomba anivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Kila nilipotazama pazia la bluu wanaposimama wateja, nilisikia neno lako: "Usipumue."

Ulimwambia kila mtu. Maharusi, wachimbaji wa dhahabu waliotoka duarani na vumbi kwenye kope, hata watoto wachanga wasioelewa kitu. "Usipumue." Kamera ikishalia: "Haya, pumua." Na kule mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, uliniambia mimi, nikiwa nimemshika shakwe aliyenaswa kwenye nyavu, kichwa chake nimekifunika kwa kanga ya Mama ili atulie. Wewe umelala kifudifudi kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, lenzi umeigeuza nyuma mbele ili ikuze vidudu, na kuifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ilikuwa inakaribia manyoya kiasi kwamba hata pumzi yangu iliharibu picha. Wavuvi walisema mzee wa Maganzo kachanganyikiwa, kwao watu wanatafuta almasi, yeye anatafuta chawa. Uliwajibu kwamba kazi ni ile ile, kuinama tu.

Chawa wa bawani tulimpata. Mwembamba, anajibana katikati ya nyuzi za unyoya ili ndege asimdonoe. Ulimtundika hapa ukutani katikati ya maharusi, mkubwa kama sinia, na kila aliyekuja kupiga picha ya pasipoti alianza kujikuna. Mama akaapa kitu kile hakitaingia sebuleni kwake. Lakini wewe ulimtaka wa kichwani, yule mnene, akiwa hai juu ya ndege aliye hai. Miaka yote hukumpata, na hata ulipokuwa umelazwa ulikuwa unamtaja.

Unamkumbuka yule shakwe tuliyemkuta amekufa ufukweni, bado ana joto kidogo? Chawa walikuwa wamepanda kwenye ncha za manyoya, wamesimama tu. Ukaniambia wanatafuta joto lilikokwenda. Mimi nilicheka. Siku ile hospitali, uliponyamaza, nilikushika mkono nikakwambia, "Haya, Baba, pumua." Nikarudia. Nikarudia tena mpaka nesi akaniondoa taratibu. Tukasimama kwenye korido, mimi, Mama na Baba mdogo, kila mmoja ana simu mkononi na hajui ampigie nani. Nikawakumbuka wale chawa.

Jumapili iliyopita Mama aliniambia nivae viatu. Akasema fremu tutaiachia, sawa, ila duka la mtu halifungwi kazi yake ikiwa nusu. Tukaenda mwaloni. Wavuvi walipomkuta shakwe kwenye nyavu wakatuita, nami nikatoa kanga. Mama akanishika mkono. Akaniuliza, mnamtafuta chawa wa kichwani, halafu kichwa chenyewe mnakifunika?

Baba! Miaka yote ile! Mafundi wa picha wawili! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mama akamchukua yule shakwe kama anavyowashika kuku wake akiwakagua utitiri, mabawa kayabana kwapani, vidole viwili nyuma ya taya, kiganja juu ya jicho. Akawa anamwimbia kwa Kisukuma, chini chini. Alidonolewa, na alama anawaonyesha majirani hadi leo. Nikapiga magoti, nikayapuliza manyoya ya kisogoni yakafunguka. Huyo hapo. Mnene, wa kahawia, anatembea bila haraka kama mwenye nyumba. Nikabana pumzi. Machozi yalinizuia kuona vizuri lakini nilipiga, nikapiga tena, kisha nikabaki vile vile, nimejikunja, nimebana. Ndege alikuwa tayari amesharuka. Mama ndiye aliyesema, "Haya, Kabula. Pumua."

Nikapumua, Baba. Nililia kwa sauti pale pale kwenye dagaa za watu, na hakuna aliyenifukuza.

Sasa sikia. Chawa wako yuko sebuleni. Mama mwenyewe kaishusha saa ya ukutani akamweka yeye. Wageni wakija kutupa pole wanasalimia, wanakaa, wanainua macho, wanaanza kujikuna. Mama anawaletea chai kama haoni. Jana nilimsikia jikoni akicheka peke yake.

Nimemwambia Baba mdogo kwamba fremu hatuiachii. Alinuna kidogo, halafu akaniuliza kama naweza kumpiga picha na wajukuu.

Lala salama, Baba. Wabeja, ahsante kwa macho uliyonipa. Kesho nafungua mapema, na nakuahidi, kila nitakayemwambia asipumue, nitamwambia na lile la pili.

Mwanao,
Kabula