Konokono wa Barafu na Siki ya Mama Mkwe

Temeke, Jumapili, 1998

Joto la leo halina adabu. Mtoto mdogo anaota meno, hajalala wala hajanilaza. Nina hasira, na afadhali niandike kabla sijapasua sahani za watu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, karudi kutoka nchi za baridi na shahada yake. Tukamchinjia kuku. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka mtaa ukadhani tuna harusi. Jirani akaja na mguu wake uliovimba, maana kasikia kaja daktari. Shemeji akamwambia yeye si daktari wa watu, ni daktari wa vidudu vya baharini. Jirani akaondoka na mguu wake.

Vidudu vyenyewe nimeviona. Ni konokono wadogo kama punje za uwele, wanaelea kwenye bahari ya huko kwenye barafu, gamba lao jembamba kama kioo cha taa. Kaja nao wachache, wamekufa, wamehifadhiwa kwenye spiriti. Kichupa chao kilipata ufa safarini, akawahamishia kwenye chupa ya jamu. Chupa akaiweka kwenye kabati la vioo la mama yake, humo humo zinamokaa chupa za achari. Kesho alikuwa aende nayo chuoni anakoomba kazi ya kufundisha, awaonyeshe wakubwa.

Tangu aje tumekuwa tukila na konokono hao. Sinia likitua tu, somo linaanza. Moshi wa viwanda na magari, anasema, haubaki wote hewani. Mwingine unanyonywa na bahari, na maji ya baridi ndiyo yanayonyonya zaidi. Maji yanaingia ukali, gamba linalika, linatoboka, na konokono anashindwa kulijenga upya. Samaki wanaomtegemea nao watakosa chakula, na sie tunaokula samaki tujiangalie.

Kwa haki yake, hilo nililielewa. Hata Rehema, binti yangu wa miaka minne, alilielewa. Akauliza, "Sasa baba mkubwa, nyumba zao zikitoboka wanalala wapi?"

"Mwondoeni huyu," shemeji akasema, "ananishikia chupa."

Hivyo ndivyo anavyowapenda viumbe wadogo.

Leo mchana kafungua kabati. Maji ya chupa yamekuwa ya ukungu, magamba hakuna, vimebaki vijinyama kama kamasi. Akafungua mfuniko, akanusa. Siki.

Sasa, katika nyumba hii nani asiyejua siki ni ya nani? Kila Ijumaa baada ya swala mama mkwe anafungua chupa zote za kabati, moja moja, anajazia pale palipopungua ili achari isiote ukungu. Macho yake ya karibu hayaoni sawasawa, anafanya kwa mazoea ya mikono. Na spiriti kwa joto hili si inaruka yenyewe? Mtu aliyezaliwa humu, akalelewa na achari hiyo, akaenda kusomea jinsi ukali unavyokula magamba, ndiye aliyekwenda kuweka magamba yake katikati ya siki. Usomi mtamu.

Lakini shemeji hata hakumtazama mama yake. Alimwita Rehema, akavua mkanda.

"Sio mie, baba mkubwa! Wallahi sio mie!"

"Nani mwingine alikuwa anaichezea chupa? Sema!"

Mume wangu alikuwa hapo hapo mkekani, anachokonoa meno. "Kaka, taratibu," akasema. Hiyo taratibu ndiyo ulinzi wote mtoto alioupata kwa baba yake mzazi.

Nikamlaza mdogo chini, nikasimama katikati. "Shemeji, mkanda huo utaanza na mie."

"Usiingilie, shemeji. Namfunza adabu."

"Mwenye kufunza adabu huuliza kwanza. Hujamuuliza mtu humu ndani, umevua mkanda."

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa anakuna nazi muda wote huo, akasema bila kuinua macho: "Mie ndiye niliyejazia. Nimekuta imepungua. Nikashangaa, achari gani hii haina hata pilipili."

Na shemeji je? Akacheka!

"Aa, mama jamani! Basi, bahati mbaya."

Akavaa mkanda wake, akakaa, akaomba mchuzi uongezwe.

Kumbe siki ikimwagwa na mama ni bahati mbaya, na ikidhaniwa ni ya mtoto ni mkanda. Hasira yake inajua kuchagua kimo.

Na bibi mtu naye alingoja mpaka mkanda uinuliwe. Hilo nimeliona, na sijalisahau.

"Yameisha, mama Rehema," mume wangu kaniambia baadaye. "Usikuze mambo."

Yameisha kwa nani?

Jioni nilipokuwa namwogesha, Rehema kaniuliza, "Mama, ni mimi niliyewaua konokono?"

Nimemwambia hapana mwanangu, ni siki, bibi hakuona vizuri. Akauliza tena. Nikajibu tena. Haniamini. Kwake yeye mama husema hivyo kwa sababu ni mama. Aliyemhukumu ni baba mkubwa, na baba mkubwa hajasema neno. Amelala sasa hivi akiamini ameua, mtoto ambaye hata sisimizi huwapisha.

Hilo mie silikubali. Shahada asome yeye, dhambi abebe mwanangu?

Chuoni watampa kazi au watamnyima, shauri lao. Ataongea sana kuhusu viumbe wasioweza kujitetea, na watampigia makofi. Lakini kabla hajatoka humu atachuchumaa mbele ya Rehema, macho kwa macho, amwambie kwa kinywa chake: si wewe.

Suruali yake ya kuendea huko nimeipiga pasi vizuri, mstari umesimama. Iko chumbani kwangu, mlango nimefunga, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Mama mkwe atanuna. Mume wangu atanuna. Wanune.

Akisema, ataivaa. Asiposema, aende chuoni na msuli.